Namba Kumi na Saba

Mashine ilitoa asilimia themanini na mbili. Loisi akabonyeza Hapana.

"Umefanya nini hapo?" Damiano aliuliza kutoka mezani kwake.

"Si yeye, kaka."

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja Tunduma, jirani na foleni ya malori, na kazi yao ilikuwa kuoanisha orodha mbili. Ya kwanza ilitoka mochwari za pande zote mbili za mpaka: watu waliookotwa wakazikwa kwa namba, bila jina. Ya pili ilitoka kwa ndugu waliopotelewa. Tabu ilikuwa maneno. Karani wa mochwari huandika hivi, mama mwenye uchungu husema vile. Mashine ilikuwa imesomeshwa lugha kwa maandishi mengi mno, ikajua yenyewe kwamba chitenge cha Zambia na kitenge cha huku ni nguo moja. Yaliyoishinda ilimwachia Loisi.

Loisi aliishia darasa la tano. Alikuwa na haya, mtu wa kuitwa mara mbili ndipo aitike, na sweta lake la mikono mirefu hakulivua hata jua la saa saba. Lakini alijua Kinyiha, Kinamwanga na Kibemba cha sokoni, na Damiano hakumtakia zaidi ya hayo.

Damiano alisogeza kiti, akasoma. Namba kumi na saba: mwanamke, miaka kama ishirini na mitano, ameokotwa kando ya barabara kijijini Mpemba, kovu la zamani la moto mkono wa kushoto. Mashine ilikuwa imemwoanisha na Nuria, aliyeungua mafuta ya maandazi utotoni. Mama yake Nuria, Mwanakombo, alikuja kila Jumatatu, kwa miezi minane sasa. Alitaka kitu kimoja tu: kaburi la kusimama akaomba dua.

"Mbona huyu amelingana kabisa?" Damiano alisema. "Kama si yeye, ni nani?"

Loisi alishuka chini, mpaka jozi ambayo mashine iliipa asilimia thelathini na moja. Tumpe, mke wa Boazi wa Ivuna, hajaonekana tangu mwezi wa tano. Mumewe alieleza: ana alama za chumvi mikononi.

"Alama za chumvi ndiyo nini? Mashine imedhani ni chumvi tu, ukinawa inatoka."

"Ni kuungua, kaka. Wanaochemsha chumvi kule Ivuna, maji yakitokota yanawarukia. Ngozi ikibabuka hairudi ilivyokuwa."

"Wewe si wa Isansa? Kwenu ni kahawa na mahindi. Chumvi umeijulia wapi?"

"Sokoni. Wauza chumvi wanaongea sana."

Damiano alicheka. "Mashine imemeza maandishi ya dunia nzima, haijawahi kukaa sokoni hata siku moja." Kisha akakunja uso. "Ila mikononi ni miwili. Huyu ana kovu mkono mmoja."

"Karani huandika alichokiona kwanza."

Damiano alifikiri kidogo. Halafu akaifundisha mashine: alama za chumvi ni kovu la moto. Asilimia ikapanda mpaka tisini na moja. Namba kumi na saba ikapata jina.

Boazi alikuja Alhamisi. Loisi alipomwona dirishani akishuka kwenye bodaboda, alikusanya vikombe akaenda kuviosha uani. Damiano hakushangaa, alijua binti yule hawezi kukaa na wafiwa. Sauti zilimfuata hadi kule.

"Nimezunguka Mbozi yote, kijiji kwa kijiji," Boazi alisema. "Ndugu zake niliwaambia, nikimkuta hai, mimi ndiye nitakayemzika."

"Pole, kaka," Damiano alijibu.

"Mungu kaniwahi. Niwekee pa kutia sahihi. Jumamosi tunaanua matanga, sitamtafuta tena."

Uani, Loisi alikuwa bado anakiosha kikombe kilekile.

Jumatatu, Mwanakombo alifika saa yake. Damiano alikuwa ametoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo je?"

"Bado."

"Na yule wa Mpemba? Kaka yako aliniambia nisikate tamaa, huenda ni yeye."

Loisi alitazama meza. "Yule kwao wamempata, mama. Watu wa Ivuna."

Mwanakombo aliuweka mkoba mapajani.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mwenzangu kapata pa kulilia. Mimi nikiomba dua sijui niitupie upande gani."

Loisi alichukua chupa ya chai ammiminie. Alimimina huku akimtazama mama usoni. Chai ikapita kikombe, ikamwagika ikaloanisha sweta lake, na kabla hajajiondoa Mwanakombo alikwisha kumdaka. Mwanamke aliyekaanga maandazi miaka ishirini hangoji kuambiwa. Aliuvuta mkono wa lile sweta juu, usimgande ngozini.

Akaacha kuvuta.

Alishika na mkono wa pili wa sweta, akaupandisha nao, polepole. Makovu yalianzia kwenye vifundo vya mikono yakapanda hadi kwenye viwiko, matone kwa matone, meupe.

"Yote miwili," alisema. "Nuria wangu alikuwa na huu wa kushoto tu." Akayapapasa kwa kidole gumba, kama anayemfuta mtoto. "Pole, mwanangu. Nini kilikuunguza hivi?"

"Chumvi," alijibu Tumpe.