Wembe wa Koleta

Karani wa boma alishawahi kumrudishia Koleta barua kwa doa moja tu la mafuta. Kwa hiyo barua ya binti yake ya kuomba kusomea uuguzi, iliyopaswa kuondoka na treni ya leo, aliichambua kama mchele. Akaona vidoa vya wino vyenye mikia, viwili viwili, katikati ya Kiingereza. Akavikwangua kwa wembe.

Binti akatoka kuoga. "Mama, koma zangu ziko wapi?"

"Uchafu ule? Nimekusafishia."

"Mama jamani. Ndizo zinazofunga maneno ya ziada. Mwalimu kanirudisha mara nne kwa hizo."

"Ungeniambia, basi. Mdomo si unao?"

Binti akainua karatasi dirishani. Kila palipokuwa na koma, jua lilipenya.

Huko stesheni ya Igalula treni ikapiga filimbi, na Koleta bado ameushika wembe.