Mwenye Hadithi Haigizi

"Hadithi yangu inaitwa Nyumbani," Aketch alisema, na Auma, mamake, akainua kichwa ghafla.

Hawakuwa wamekubaliana hivyo. Asubuhi hiyohiyo, akimsuka nywele, Auma alimwambia polepole: "Ya kwetu si ya watu, sawa?" Mtoto akaitikia. Angeleta hadithi ya dani, bibi yake, na mbuzi aliyekula daftari la hesabu, watu wacheke, kila mtu aende kwake akanywe chai. Miaka tisa tu, na tayari anajua kumdanganya mamake bila kupepesa jicho!

Ilikuwa siku ya wazazi katika ukumbi wa kanisa pale Kimbo. Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, Mwalimu Njambi alikuwa akiwakusanya watoto kumi wenye mambo moyoni, wakaigiza yale ambayo midomo yao ilikataa kusema. Aketch aliletwa kwa sababu alikuwa ameacha kuongea darasani. Auma alipinga. Jeconia, mumewe, ndiye aliyeshikilia mtoto aende, na hilo nalo lilimuuma Auma mpaka leo.

Sasa mume huyo alikuwa ameketi kando yake, pande la mtu, mbeba magunia wa kiwandani Thika, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo hadi shingoni katika joto lote hilo. Alikuwa akiangalia viatu vyake. Auma alijua kabisa kwamba wakirudi nyumbani hakutakuwa na amani.

Mtaa wa Mwihoko waliuhama kwa sababu ya masikio ya majirani. Hapa Kimbo alikuwa mwangalifu. Aliongeza sauti ya redio. Alikuwa na jibu kwa kila aliyeuliza kuhusu majeraha: ni mlango, ni sabuni bafuni, ni pikipiki. Miaka yote hiyo ya kuificha nyumba, halafu anayekuuza ni mtoto wa tumbo lako mwenyewe.

Mwalimu Njambi aliwakumbusha kanuni yao. Mwenye hadithi haigizi. Anachagua wenzake, anawapa sehemu zao, anawaelekeza.

Aketch alimfunga Jackie leso kiunoni. "Wewe ni mama." Akamvika Lenny kofia. "Wewe ni baba." Katikati yao akaweka mwiko wa ugali sakafuni.

Mama Lenny, aliyeketi nyuma, alimshika Auma bega. "Pole, mama Aketch," alinong'ona. "Hawa wanaume, wacha tu."

Auma aliuacha mkono ule pale begani, machozi yakamjaa. Alimchukia mwanawe saa hiyo. Mungu amsamehe, alimchukia kabisa.

Lenny hakungoja kuelekezwa. Aliokota mwiko, akakunja uso, akauinua juu ya kichwa cha Jackie. Wazazi wa mbele wakafumba macho.

"Zii, Lenny, si hivyo!" Aketch akamnyang'anya mwiko, akamtia Jackie mkononi. "Wewe ni baba. Baba anapiga magoti hapa, anafunika kichwa, anasema, 'Auma, tafadhali, mtoto anaona.'"