Kiti cha Wenyeji

Kodi ya kibanda ilikuwa imemshinda Fundi Makame kwa mwaka wa pili, kwa hiyo aliilipa kwa useremala: viti kumi na vitatu vya baraza jipya la serikali. Kumi na viwili vilikuwa vya mabwana. Cha mwisho, aliambiwa, ni cha mwakilishi wa wenyeji. Hicho alikitengeneza kwa siku nne, akakipima kwa kukikalia mwenyewe.

Karani alipokuja kukagua alitikisa kichwa.

"Hiki kifupi, fundi. Refusha miguu."

"Kwani atakaa nani, Bwana Karani?"

"Yule padri Mzungu. Unajua alivyo mrefu. Yeye ndiye atakayewasemea."

"Tumemtuma sisi?"

"Gavana kamteua." Karani alikwepa macho yake. "Kikao cha kwanza Jumatatu. Wanapandisha kodi."

Makame alikuwa amechoka, hata kukasirika hakuweza. Aling'oa miguu ya kiti, akachonga mingine mirefu, akaipiga msasa mpaka ikalainika.

Karani aliporudi kuvichukua viti na kwenda kuwaita wapagazi, fundi alikikalia tena, taratibu, akaegemea. Nyayo zake hazikufika sakafuni.