Hodi Kutoka Juu ya Mlingoti

Pini ya mwisho ilipoingia, fundi akazikunja ncha zake mbili kwa koleo isije ikachomoka. Akautikisa ule waya unaoshikilia mlingoti wa boti yake, akaridhika. Akavuta kamba ya kujishushia. Haikusogea. Ilikuwa imebanwa kwenye kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba kileleni.

Basi akabaki ananing'inia kwenye kiti cha kamba kama nguo iliyosahaulika kuanuliwa. Kazi hii hufanywa na wawili, mmoja juu, mwingine chini ashike kamba. Tangu mkewe aondoke, chini hapakuwa na mtu.

Kwenye boti ya jirani kulikuwa na mama anamenya vitunguu. Fundi hakuwahi hata kumsalimia. Sasa aanzie wapi? Humwambii mtu "niokoe" kabla ya "habari".

"Hodi," akaita.

"Karibu." Mama akachungulia gatini, hakuona mtu. "Nani wewe?"

"Huku juu, jirani."

Akainua kichwa, kisu mkononi. "Makubwa haya. Mwaka mzima kimya, leo unanibishia hodi kutoka mawinguni?"

"Nimekuja kusalimia."

"Naona. Na umekwama."

"Kidogo tu."

"Haya, ngoja nivae viatu."

Akaingia ndani. Fundi akaitikisa kamba kwa hasira, nayo ikaachia, kiti kikashuka kidogo, laini, kama vile hakukuwa na tatizo lolote.

Akaitazama kamba. Kisha, taratibu, akairudisha palepale ilipokuwa imebanwa, akaivuta mpaka ikakwama barabara, akaanza kujifuta grisi usoni.