Kihisi cha Kinu cha Kahawa

Kinu cha kukobolea kahawa kilijizima kwa mara ya tatu asubuhi ile, na wakulima waliokuja Nshamba na magunia yao wakaguna.

"Ni hicho kihisi chako," msimamizi akamwambia Renatha, fundi umeme. "Mota ikielemewa kidogo tu, kinakata umeme. Kiruke, unga waya moja kwa moja."

Mara mbili zilizotangulia sababu ilikuwa kahawa isiyokauka vizuri tu. Renatha akamenya waya kwa kisu. Shaba ikang'aa kati ya vidole vyake.

Akasita. "Ngoja nizunguke nyuma kwanza."

"Utakuta nini huko? Unga waya!"

Akazunguka. Nyuma ya mashine, bibi mmoja mchambua kahawa alikuwa amepiga magoti, shavu limebanwa kwenye chuma. Khanga yake ilikuwa imejiviringisha kwenye mhimili na kumkaza shingo, asiweze kuita. Alikuwa akigonga bati kwa kidole kimoja, polepole.

Renatha akaikata ile khanga. Bibi akakohoa, akavuta pumzi, akamshika mkono asitake kuuachia.

"Pumua, waitu, bibi yangu. Pumua tu."

"Renatha!" msimamizi akaita kutoka mbele. "Tuwashe?"

"Usiguse kitu!" akajibu, huku akilia.