Sauti ya Misumari

Siku bendi ya Misumari ilipozindua upya santuri zake zote, zikiwa zimekusanywa katika kasha moja, Raziki alikaa safu ya mbele. Yeye ndiye aliyeziimba nyimbo zile ujanani, ndani ya ghala la mahindi, nyumba za mtaa wao zilipokuwa zikibomolewa.

Sudi, mpiga gitaa wao, aliweka santuri ya kwanza kwenye mashine. Gitaa lilikwaruza vilevile, besi ikanguruma vilevile. Kisha ikaingia sauti laini ya msichana ambaye Raziki hakumjua.

Akasimama. "Sudi, huyu ni nani?"

"Tumerekebisha kidogo tu, dada," Sudi alisema, huku akiwatabasamia wageni. "Sauti yako ilikuwa kali mno. Watu wa siku hizi hawaiwezi."

"Kali? Tingatinga lilikuwa linaangusha ukuta wa mama yangu! Ulitaka nilibembeleze?"

"Kaa, tafadhali. Jina lako tumeliacha kwenye jalada."

"Jina langu mmelipachika kwenye koo la mtu mwingine!"

Alipanda jukwaani, akainua sindano ya mashine kutoka kwenye santuri. Muziki ukakatika. Akauanza ubeti wa kwanza bila ala yoyote, sauti ikipasuka, mishipa ya shingo imemsimama. Nyuma kabisa mtu mmoja akaanza kupiga mguu sakafuni, kisha mtu wa pili.

Sudi alinyoosha mkono kuirudisha sindano. Mkono ukabaki hewani, juu ya santuri iliyokuwa bado inazunguka.