Ndoo Nyuma ya Magunia

Jokha alipofungua stoo kutoa sufuria la hitima, harufu ya mananasi yaliyochacha ilimpiga usoni.

Nyuma ya magunia ya mchele alikuta ndoo nyeupe ya rangi, mfuniko wake umezibwa kwa unga uliokandwa. Mpira wa dripu ulitoka juu yake ukazama ndani ya chupa ya maji. Kumbe ndiko hamira yake ya mikate ilikokuwa ikiishia, na yeye akamgombeza binti wa kazi bure.

Aliurudishia mlango haraka. Pombe haikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Mwanawe, waliyemzika juzi, alikuwa akiitengeneza humu, huku mama yake akiswali chumba cha pili.

Aliinyanyua ndoo kwa mikono miwili aende akaimwage chooni. Ilikuwa vuguvugu, kama paji la uso la mtoto mwenye homa ndogo. Kisha, ndani ya chupa, kiputo kikapanda polepole, kikapasuka.

Akasimama, ndoo kifuani.

Barazani wanaume waliokuwa wakisoma hitima walikuwa wamefika Sura ya Yasini. Wifi yake akabisha hodi.

"Wifi, ndoo za maji hazitoshi huku jikoni. Ile nyeupe haimo humo?"

"Haimo," alisema Jokha.

Akaitua taratibu pale pale mwanawe alipoiacha, akavua mtandio akaizungushia isipate baridi. Akaegemea mlango kwa mgongo, macho kwenye chupa, akingoja kiputo kingine.